Kuziba kibaraza: vioo, wavu na grili, au matofali ya matundu?

Kibaraza changu kiko Dar, kinaangalia magharibi, na miaka minne iliyopita nilikiziba chote kwa vioo vya aluminiamu. Kilitoka kizuri kweli, wageni wanakisifia mpaka leo, ila mwezi wa pili saa kumi jioni hakikaliki, unaingia kuchukua kandambili unatoka na jasho. Mwaka uliofuata tukafanya kitu hichohicho kwa mama Njombe, aluminiamu ileile, vioo vilevile, na huko ndiko mama anakoshinda. Anachambulia maharage humo, wajukuu wanasomea humo, jirani akija hapitishwi sebuleni, anakaribishwa kwenye vioo. Sasa mtu akiniuliza vioo vizuri au vibaya nimjibu nini?

Ndo maana nimeandika hii, kwa yule mwenye kibaraza wazi anayetaka kukifunga na amekwama, maana kila fundi anayemuita ana lake. Wa aluminiamu anakwambia vioo, wa kuchomelea anakwambia grili, mwashi anakwambia tofali. Simlaumu yeyote, kila mtu anaijua kazi yake, ila wewe ndo utakaa humo.

Vitu vya kuangalia kabla hujaita fundi

Anza na jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Dar iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa 6 jua la mchana linakuwa limeegemea kaskazini, mwezi wa 12 limehamia kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini kabisa. Hilo la mchana halina shida sana kwa sababu paa linalizuia. Linalosumbua ni lile la chini, la asubuhi upande wa mashariki na la jioni upande wa magharibi, hilo linapenya chini ya paa hata kama umelitokeza mita nzima. Na la magharibi ndo baya zaidi, linakuja wakati bati, ukuta na hewa yenyewe vimeshachemka tangu asubuhi.

Upepo ndo wa pili, na nadhani ndo unaosahauliwa kuliko vyote. Ukanda wa pwani kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki miezi ile ya joto, kusi inavuma kutoka kusini mashariki kuanzia masika mpaka kipupwe kinaisha. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Yaani kibaraza kinachoangalia mashariki Dar, Tanga au Mombasa kinapata upepo karibu mwaka mzima, na ukikiziba vibaya unakata upepo wa nyumba nzima. Angalia sebule yako, kuna dirisha linalofungukia kibarazani? Basi ukishaziba, dirisha lile halivuti tena hewa ya nje, linavuta hewa ya chumba kingine. Kwangu ilikuwa hivyo, sebule iliyokuwa inaishi kwa feni moja ikaanza kudai feni mbili.

Halafu mvua. Jamvi la kibaraza kwa kawaida fundi analiinamisha kidogo kwenda nje ili maji yatoke. Ukijenga ukuta mdogo ukingoni bila kuacha matundu ya kutolea maji, mvua ikiingia (na itaingia, hata siku moja tu umesahau kufunga) maji yanabaki humohumo, na ukipiga deki hujui pa kuyasukumia.

Angalia pia mbu, usalama, faragha kama nyumba iko barabarani, na pesa, ila pesa usihesabu ya siku ya kwanza tu, hesabu na ya kupaka rangi, ya kubadilisha, na ya umeme.

Na kingine, kinachobeba. Vibaraza vingi vilijengwa baadaye, vina nguzo nyembamba na paa jepesi, na chini ya ukingo wa jamvi hakuna msingi wa maana. Kioo kina uzito, tofali lina uzito zaidi. Muombe fundi achimbe kidogo pembeni muone pamoja kuna nini chini kabla hajakupa bei.

Namba utakayowapa mafundi wote iwe moja, ndo utaweza kulinganisha. Mfano kibaraza cha mita 5 kwa 3 kilichotokeza nje ya nyumba, pande tatu ziko wazi, hiyo ni 5 jumlisha 3 jumlisha 3, mita 11. Kama chini utaweka ukuta wa sentimita 90 na kimo chote ni mita 2.4, uwazi unaobaki ni mita 1.5. Zidisha, unapata skwea mita 16.5. Kila fundi akupe bei ya skwea mita moja ikiwa imekamilika, na mlango auhesabu peke yake, la sivyo mmoja atakutajia bei ya vifaa, mwingine na ufundi, mwingine na usafiri, na hutajua nani ghali nani rahisi.

Vioo na aluminiamu

Joto na hewa. Kioo kinapitisha mwanga wa jua vizuri tu, ule mwanga ukipiga vigae na makochi vinapata moto, na ule moto sasa haurudi nje kirahisi kwa sababu kioo hakiupitishi kama kilivyopitisha mwanga na hewa nayo imefungiwa ndani. Ni kilekile kinachotokea kwenye gari lililofungwa vioo juani. Njombe iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo hilo joto ndo unalolitafuta, jua la asubuhi likishapiga masaa mawili chumba kinakuwa na uvuguvugu mzuri ambao huwezi kuupata ndani ya nyumba. Hali ni hiyohiyo Makete, Mbeya, Lushoto, Limuru. Ukilipeleka joto hilo Dar, Tanga au Mombasa umejitengenezea tanuri. Vioo vya moshi au vya kuakisi vinapunguza, haviondoi.

Kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema ni aina ya ufunguaji. Madirisha ya kuslaidi yanafunguka nusu tu, maana kipande kimoja lazima kikae nyuma ya kingine, hata ufungue yote nusu ya uwazi imezibwa. Ya bawaba, au zile luva za vipande vipande unazolaza kwa mkono wa pembeni, zinakupa karibu uwazi wote. Mafundi wengi wanapenda kuslaidi kwa sababu wamezoea, wewe sema unachotaka kabla hajaenda kukata.

Mvua. Hapa vioo vinashinda, hakuna ubishi. Ila reli ya chini ina vitundu vya kutolea maji kwa nje, kagua kama vipo na kama havijazibwa na silikoni, vikizibwa maji yanajaa kwenye reli yanamwagikia ndani na utadhani kioo kinavuja.

Mbu. Ukifunga hawaingii, ukifungua wanaingia, na Dar utafungua tu. Kwa hiyo wavu utaununua vilevile, uingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Usalama. Kioo cha kawaida cha milimita 5 hakimzuii mtu aliyedhamiria. Na ndani ya nyumba kuna watoto, kwa hiyo mlango na vipande vinavyofika karibu na sakafu viwe vya tempa, vile vinavyovunjika vikawa punje badala ya mapande makali, au vile vya tabaka mbili vilivyogandishwa na plastiki katikati ambavyo vikipasuka vinabaki vimeshikana. Cha tempa hakikatwi wala kutobolewa kikishachomwa, vipimo viwe sahihi kabla ya kuagiza, ukikosea sentimita moja hicho kioo ni hasara.

Hapa niongeze jambo na naomba lisipitwe. Kule kwenye baridi watu wakishapata chumba cha vioo wanaingiza jiko la mkaa jioni wapate joto zaidi. Usifanye hivyo. Mkaa unatoa gesi isiyoonekana wala kunusika, kaboni monoksaidi, na chumba kilichobana vizuri kwa vioo ndo kinaua haraka. Kwa mama tumekubaliana mkaa unaishia nje, ndani ni blanketi.

Pesa na matunzo. Ndo ghali kuliko vyote hapa, na kama uko kwenye joto utaishia kufunga kiyoyozi, hapo LUKU nayo inaingia kwenye hesabu kila mwezi. Karibu na bahari aluminiamu iwe imepakwa vizuri kiwandani na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi inaanza na skrubu, fremu bado nzima huku viungo vimeoza. Ukishawishika kuweka na paa la policarbonati ili mwanga uingie kwa juu, bati lake lina upande mmoja wenye kinga ya jua, huo ndo unaangalia juu, ukigeuzwa linakuwa njano na kukatika mapema. Dar sikushauri paa hilo kabisa kwa sehemu unayotaka kukaa mchana.

Vinamfaa nani. Aliye kwenye miinuko ya baridi, mwenye kibaraza cha kivulini kisichopigwa na jua la jioni, na anayehitaji chumba kikavu kabisa, mfano ofisi ya nyumbani yenye kompyuta na makaratasi.

Wavu na grili

Joto na hewa. Wavu unapunguza upepo, tusidanganyane, ukikaa nyuma yake utahisi tofauti na kibaraza kilicho wazi. Lakini hewa inatembea, joto halifungiwi, na dirisha la sebule linaendelea kuvuta hewa ya kweli. Kwa pwani hili peke yake linatosha kuwashawishi wengi.

Mvua. Udhaifu wake ndo huu. Masika ikija na upepo wa kusi, upande wa kusini mashariki unalowa mpaka katikati ya chumba. Turubai la kukunja juu linasaidia, lile la kushusha mvua ikianza, au mapazia ya mianzi kwa mvua ndogo. Makochi ya sponji usiweke, weka viti vya mbao, vya ukindu, au vya plastiki imara vyenye mito ya kuondoa.

Mbu. Hapa wavu ndo wenyewe. Ule wa kawaida wa dirishani una kama matundu 18 kwa 16 kwenye inchi moja ya mraba na unamzuia mbu vizuri, wa matundu madogo zaidi unazuia na vile vidudu vidogo vya taa ila hewa inapungua zaidi. Tukisema mbu wengi tunawaza malaria na usiku, lakini mbu wa homa ya denge anauma mchana, na Dar tuliuona mlipuko 2014 na tena 2019, wakati ule watu waliumwa wakiwa wamekaa vibarazani mwao mchana kweupe. Chandarua cha kitandani hakikusaidii saa nne asubuhi. Ila wavu unafanya kazi kama umebana, fremu ikae sawa ukutani, mlango uwe na springi ya kujifunga wenyewe, na ule mwanya kati ya ukuta na paa uzibwe. Nimeona nyumba imezungushiwa wavu mzuri wa bei halafu juu ya linta kuna nafasi ya kupitisha mkono.

Usalama. Grili ndo inawapa watu usingizi, na ni haki yao. Lakini kibaraza kikizungushiwa grili yote kinageuka mlango mkuu wa nyumba, na moto ukitokea jikoni au kwenye waya, familia inakimbilia huko inakuta kufuli. Angalau kipande kimoja kiwe cha kufunguka, na ufunguo ukae ndani sehemu moja ambayo hata mtoto wa miaka nane anaijua gizani, usikae kwenye mkoba wa mtu. Jaribuni siku moja usiku, taa zimezimwa, muone mnachukua muda gani kutoka.

Pesa na matunzo. Bei ya kuanzia iko chini ya vioo, na inalipika kwa awamu, mwezi huu grili mwezi ujao wavu. Shida ni kutu. Ukiwa Kigamboni, Msasani, Nyali, skwea paipu ya chuma isiyopakwa vizuri inaanza kutoa machozi mekundu haraka sana. Isafishwe, ipigwe red oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, hasa kwenye viungo vya kuchomelea, halafu rangi ya mafuta, na irudiwe unapoona vidoa vya kwanza, usisubiri ichubuke. Miguu ya chini isisimame kwenye maji, inuliwe kidogo juu ya jamvi. Wavu wenyewe uwe wa faibaglasi au aluminiamu, ule wa waya wa chuma pwani hauchukui muda unaoza. Na ukae kwenye fremu ya kuchomoa, kwa sababu vumbi litaziba matundu, na Dodoma au Shinyanga ndo zaidi, unatakiwa uutoe uuoshe kwa maji ya sabuni na brashi laini.

Inamfaa nani. Familia ya pwani yenye watoto wadogo, mpangaji aliyeruhusiwa na mwenye nyumba maana fremu zinafunguliwa na kuhamishwa, na yeyote ambaye kibaraza chake ndo pumzi ya sebule.

Matofali ya matundu

Joto na hewa. Haya ni yale matofali ya zege yenye maua au matundu ya pembe, ukipita kwenye majengo ya Dar ya miaka ya 1950 na 1960 utayaona kwenye ngazi na korido. Waliyaweka kwa sababu. Tofali lina unene, kwa hiyo jua la pembeni linagonga kingo za tundu na kubaki nje, wakati hewa inapita. Kwa kibaraza cha magharibi kama changu hii ndo njia inayonivutia kuliko zote, kivuli na upepo kwa pamoja bila umeme. Shangazi yangu Tanga ana ukuta wa hivyo upande wa jioni, mwanga mwepesi unaingia umekatwakatwa sakafuni, na hajawahi kununua feni ya pale.

Mwanga ndo gharama yake. Ukizungusha pande zote tatu kibaraza kinakuwa na giza na sebule nyuma yake inakuwa na giza zaidi, taa inawashwa saa tisa.

Mvua. Matone makubwa yanazuiwa, rasharasha inapita. Iko katikati ya vioo na wavu.

Mbu. Wanapita kama hakuna kitu, na buibui na nyigu wanapenda kujenga mle ndani ya matundu. Ukitaka kuzuia mbu weka fremu ya wavu kwa ndani, ya kuchomoa, usiugandishe moja kwa moja kwenye tofali, hutaweza kusafisha matundu tena.

Usalama. Mtu hapiti, ila fimbo inapita na mkono unapita kwenye matundu makubwa, simu usiache karibu. Watoto wanaukwea kama ngazi, kwa hiyo usiwe ukuta unaoishia hewani bila kushikwa juu. Faragha ni nzuri sana, mchana wewe unamuona mpita njia, yeye hakuoni.

Pesa na matunzo. Bei inategemea sana kama karibu nawe kuna anayefyatua, usafiri na matofali kuvunjika njiani ndo vinavyopandisha. Likishakaa halidai chochote kwa miaka, hata rangi ni hiari. Lakini ni zito, linahitaji msingi chini na nondo au nguzo kila baada ya umbali ambao fundi wako wa ujenzi ataukubali, na ukibadili mawazo hakuna kuchomoa, ni nyundo. Pwani pia uliza mchanga umetoka wapi, mchanga wa baharini wenye chumvi unaharibu nondo kutokea ndani.

Yanamfaa nani. Mwenye nyumba yake ambaye hahami, mwenye kibaraza cha magharibi, au nyumba iliyo sentimita chache kutoka njia ya watu.

Kibali na majirani

Kuziba kwa wavu wa kuchomoa ni jambo dogo. Kujenga ukuta, kuongeza msingi au kusogeza paa ni kubadili jengo, na mijini Tanzania hilo linapita halmashauri au manispaa kwa kibali, Kenya linapita kaunti. Nenda na mchoro mdogo, na pima umbali kutoka mpaka wa kiwanja, kwa sababu kibaraza ambacho kilivumiliwa kikiwa wazi kinaweza kuletewa maneno kikishakuwa chumba. Kwenye ghorofa za pamoja anza na uongozi wa jengo.

Sasa wewe uko wapi

Uko Njombe, Mbeya, Lushoto, Limuru na kibaraza kinapata jua la asubuhi, mimi ningeenda kwenye vioo, na sehemu ya juu ningeacha dirisha dogo la kupumua.

Uko pwani na kibaraza kinaangalia mashariki, usikizibe upepo wake, wavu na grili, na turubai upande wa kusi.

Uko pwani na jua la jioni linakupiga, matofali ya matundu upande wa magharibi tu, pande mbili zilizobaki wavu. Kuchanganya kunaruhusiwa, pande tatu sio lazima zifanane.

Unafanyia kazi nyumbani na unahitaji pakavu na kimya mjini Dar, vioo vya bawaba au luva upande wa kivuli, ukijua bili ya umeme inakuja.

Unapikia kibarazani, iwe gesi au mkaa, usizibe kwa vioo kabisa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, inataka uwazi wa chini kabisa wa kutokea.

Umepanga au hela haijatimia, nunua mapazia ya mianzi na feni moja, kaa nayo mwaka mzima. Chukua kiti ukae pale saa nne asubuhi, saa kumi jioni, na siku moja ya mvua ya upepo, uandike jua linafika wapi na maji yanafika wapi. Hiyo karatasi mpe fundi.

Mimi changu fundi anakuja mwezi ujao. Vioo vya pembeni viwili vinatoka vinaingia wavu, na mbele, upande wa jioni, tumechimba tukakuta msingi upo, kwa hiyo tofali za matundu zitapanda mpaka kwenye linta. Vioo vilivyo wazima navipeleka Njombe, mama ana kibaraza cha nyuma.